Mkoba wa FT-30 wa kupimia N95: dakika 20 kabla ya zamu ya kwanza ya karantini

Mlipuko ukiingia na wodi ya karantini ikafunguliwa kwa haraka, watumishi hutolewa popote walipo. Muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto, tabibu wa meno, mfiziotherapia, mtaalamu wa macho, wote hujikuta wamepangiwa wodi moja. Barua hutoka asubuhi, mchana mtu amekabidhiwa gauni, glavu, miwani na N95, ile barakoa nzito ya kuchuja hewa, usiku yuko zamu. Wodi ya kifua kikuu ina watu waliozoea N95. Waliohamishwa, wengi wao, wamezoea barakoa ya upasuaji ya kuvuta masikioni, na huenda hakuna aliyewahi kuhakikisha kwamba N95 waliyopewa inakaa sawasawa kwenye nyuso zao.

Mkoba wa FT-30 wa kampuni ya 3M umetengenezwa kwa kazi hiyo moja. Unampulizia mtu mvuke wa dawa chungu akiwa amevaa barakoa. Akisikia uchungu, hewa inapita pembeni; asipousikia, barakoa imemkaa. Nausifu mkoba huu, na hospitali yoyote ya Dar es Salaam inayoweza kupangiwa wagonjwa wa karantini ingefaa kuwa nao stoo kabla ya siku hiyo kufika. Una kasoro pia, na mbili kati ya hizo zinaweza kuharibu kipimo kizima bila mpimaji kutambua.

Tuanze na kwa nini upimaji wenyewe ni wa lazima. Chujio la N95 limethibitishwa kuzuia angalau asilimia 95 ya chembe zenye ukubwa wa karibu mikroni 0.3. Hiyo ni kazi ya kitambaa. Hewa hupita penye njia rahisi, na njia rahisi kuliko zote ni mwanya ulio kando ya pua au chini ya kidevu. Mwanya mdogo usioonekana kwa macho unatosha kumfanya mvaaji avute hewa ambayo haikuchujwa, huku akiamini amejikinga. Hospitali ya Amana ilipotengwa Aprili 2020 kwa ajili ya wagonjwa wa COVID-19, ilionekana jinsi hospitali nzima inavyoweza kugeuka kuwa kituo cha ugonjwa mmoja ndani ya muda mfupi. Baadaye yakaja maradhi ya Marburg mkoani Kagera, mwaka 2023 na tena 2025. Marburg huenezwa kwa kugusa majimaji ya mwili, lakini huko nako barakoa ya aina hii huhitajika pale kazi inaporusha matone hewani, kama kuingiza mpira wa kupumulia. Na kifua kikuu kipo kila siku, mlipuko uwepo usiwepo.

Ndani ya mkoba utakuta kifuniko kikubwa cha kichwa chenye dirisha la plastiki angavu, pete ya shingoni inayokishikilia, vipulizio viwili vya mkono vyenye vipira vya kubonyeza, chupa mbili za dawa zenye mililita 55 kila moja, na vipuri vya ndani vya vipulizio. Chupa ya kwanza ni ya kuonjesha, ya pili ni ya kupimia. Zote zina kemikali ile ile ya uchungu, Bitrex, ila kwa ukali tofauti kabisa. Kwa viwango vya Marekani ambavyo kipimo hiki kinavifuata, dawa ya kuonjesha ina miligramu 13.5 za Bitrex katika mililita 100 za maji yenye chumvi ya asilimia 5, na ya kupimia ina miligramu 337.5 katika mililita 200. Ukipiga hesabu, ya pili ni kali mara 12.5 kuliko ya kwanza. Shikilia namba hiyo, maana kasoro ya kwanza inatoka hapo.

Kazi yenyewe huenda hivi. Kwa dakika 15 kabla ya kuanza, mpimwa hali kitu, hanywi chochote isipokuwa maji matupu, havuti sigara, hatafuni pipi ya mpira. Kwetu hapa ongeza kahawa chungu, tangawizi, ugoro na tambuu. Mtu aliyetoka kwenye kijiwe cha kahawa akaingia moja kwa moja chini ya kifuniko atakupa jibu la uongo bila kukusudia.

Kisha anavaa kifuniko bila barakoa. Kipulizio cha kwanza hujazwa dawa ya kuonjesha kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Mpimwa anaacha mdomo wazi kidogo, ulimi umetoka nje, anapumua kwa mdomo. Mpimaji anaingiza ncha ya kipulizio kwenye tundu lililo mbele ya kifuniko na kubonyeza kipira mara 10, kila mara kikiporomoka chote kisha kikiachwa kijae tena. Anauliza: umesikia uchungu? Kama amesikia, hata kama ni katika bonyezo la kwanza, andika 10. Kama hajasikia, ongeza 10, andika 20. Bado? Ongeza 10 nyingine, andika 30. Asiposikia chochote baada ya 30, dawa hii haimfai na usiendelee naye.

Hatua hii ndiyo watu wenye haraka huiruka, wakisema mtu yeyote anajua uchungu. Wakati wa mlipuko wa COVID-19 kuiruka ni hatari maradufu, kwa sababu ugonjwa wenyewe huondoa ladha na harufu, na wengine hukaa wiki kadhaa baada ya kupona kabla hazijarudi. Muuguzi aliyepona wiki mbili zilizopita anaweza kukaa chini ya kifuniko barakoa ikivuja pande zote na akasema kwa moyo mweupe kwamba hasikii kitu. Mafua ya kawaida nayo hupunguza ladha. Kuonjesha kwanza ndiko kunakomtenga mtu wa namna hii mapema, apimwe kwa mashine inayohesabu chembe kama ipo, au asubiri.

Akishaonja, anasukutua kwa maji na kusubiri hadi ladha iishe. Hapo anavaa N95, nje ya kifuniko, na kukaa nayo angalau dakika 5. Dakika hizo zina kazi mbili: barakoa inashika umbo la uso, na mvaaji anagundua kama inamchoma juu ya pua au inamkaba kiasi cha kuishikashika. Barakoa inayoumiza itasogezwa katikati ya zamu, na barakoa iliyosogezwa haikupimwa. Avae na miwani atakayovaa wodini, kwa kuwa miwani mingine hukaa juu ya ukingo wa barakoa na kuunyanyua.

Sasa anaingia tena chini ya kifuniko, na kipulizio cha pili, chenye dawa kali. Kama namba yake ilikuwa 10, bonyeza 10 za kuanzia, halafu 5 kila baada ya sekunde 30. Kama ilikuwa 20, anza na 20 na uongeze 10. Kama 30, anza na 30 na uongeze 15. Huku mpimwa anafanya mambo saba, kila moja kwa dakika moja: kupumua kawaida, kupumua kwa kina, kugeuza kichwa kulia na kushoto, kukiinua na kukiinamisha, kuongea, kuinama kiunoni, na kupumua kawaida tena. Kichwa kinapofika mwisho wa mzunguko kisimame kidogo avute pumzi hapo hapo, kwa kuwa ndipo shingo inapovuta mkanda. Kwenye kuongea, maelekezo huja na aya ya Kiingereza, ila si lazima kuitumia. Kuhesabu kwa sauti kutoka 100 kurudi nyuma kunakubalika, na shairi analolijua kwa moyo linakubalika pia. La muhimu ni taya lifanye kazi kwa dakika nzima.

Mwenye namba 10 atahitaji mabonyezo 75 hadi mwisho, mwenye 30 atahitaji 225. Mkono wa mpimaji huchoka, na ukichoka kipira hakiporomoki chote, mvuke unapungua, na watu wa mwisho mwisho wanafaulu wote. Wapimaji wawe wawili wakipokezana.

Akisikia uchungu wakati wowote, kipimo kimeshindwa na kinasimama hapo. Avue, asukutue, asubiri dakika 15, aonjeshwe upya, arekebishe mikanda na kibanio cha pua, ajaribu tena. Akishindwa mara ya pili kwa barakoa hiyo hiyo, mpe saizi au modeli nyingine. Wapimaji wengine humbana mtu pua kwa mikono hadi apite, na huko ni kumdanganya, kwa sababu wodini hakuna atakayembana.

Ipo FT-10, ndugu ya mkoba huu, inayotumia sakarini, yaani utamu. Utaratibu ni ule ule, na kuongeza dawa ni rahisi zaidi: gramu 83 za sakarini ya sodiamu ya daraja la USP, yaani usafi wa kiwango cha dawa, katika mililita 100 za maji ya uvuguvugu ndiyo dawa ya kupimia, na gramu 0.83 kwa maji hayo hayo ndiyo ya kuonjesha. Mfamasia mwenye mizani nzuri anaweza kuitengeneza. Sakarini ya kutengenezea barafu isitumike, usafi wake haujulikani. Bitrex inadai mizani ya kupima miligramu, kwa hiyo chupa zikiisha utategemea kuagiza.

Hata hivyo nachagua uchungu, na sababu ni ya kibinadamu. Aliyehamishwa hajaomba kuhamishwa. Ana watoto nyumbani, ana mama mzee, na anaogopa. Mmoja atatamani ashindwe kipimo ili arudishwe kitengo chake, mwingine atatamani apite haraka asionekane mwoga mbele ya wenzake. Utamu unafichika kirahisi. Uchungu wa Bitrex humfanya mtu akunje uso kabla hajafikiri, na mpimaji huuona kupitia dirisha la kifuniko. Kwa hiyo jibu halitegemei maneno peke yake. Ubaya wake ni kwamba uchungu hukaa mdomoni muda mrefu, na chakula kinachofuata hakina ladha, basi wapimwe baada ya kula na si kabla, mradi dakika 15 zipite.

Kasoro ya kwanza niliyoitaja: vipulizio viwili vinafanana mno. Vina alama ya namba, lakini ni ndogo, na baada ya kuoshwa mara kadhaa kwenye beseni moja vipuri vyake huchanganyika. Ukiweka dawa ya kuonjesha kwenye kipulizio cha kupimia, unampima mtu kwa mvuke hafifu mara 12.5 kuliko unavyotakiwa na kila mtu atafaulu. Ukikosea kinyume chake, ulimi unajaa uchungu mkali na hatasikia kitu tena kwa muda. Zungushia kipulizio cha pili plasta nyekundu, chupa yake pia, na uvioshe kimoja kimoja.

Kasoro ya pili ni kuziba. Dawa ina chumvi, na chumvi ikikauka kwenye ncha hufanya ukungu mweupe unaofunga njia. Chumba chenye feni inayopuliza moja kwa moja juu ya meza huharakisha hilo. Kipulizio kilichoziba kinabonyezeka kama kawaida na kinatoa sauti, ila mvuke hautoki, na matokeo yake ni yale yale: kila mtu anapita. Kabla ya kila mpimwa, bonyeza mara moja dhidi ya mwanga wa dirisha uone ukungu ukitoka. Mwaga dawa, suuza kwa maji safi, kung'uta na ujaze upya asubuhi na mchana, au angalau kila saa 4. Dawa iliyobaki kwenye kipulizio isirudishwe kwenye chupa.

Kipulizio cha umeme cha wagonjwa wa pumu hakiwezi kuziba pengo. Kipimo kizima kimejengwa juu ya idadi ya mabonyezo na ukubwa wa chembe zinazotoka kwenye kipulizio hiki cha mkono.

Joto la Dar lina nafasi yake hapa. Chini ya kifuniko, katika chumba kisicho na kiyoyozi mwezi Februari, mtu huloa jasho ndani ya dakika tatu, na jasho hutelezesha barakoa. Wapo watakaosema mpime kwenye baridi apate nafuu. Mimi napendelea chumba chenye joto linalokaribiana na la wodi atakayofanyia kazi, mradi kina hewa inayopita, kwa sababu barakoa inayoteleza kwenye kipimo ingeteleza na wodini. Kifuniko kifutwe ndani kwa kitambaa chenye dawa ya kuua vijidudu kila anapotoka mtu, kisha kwa maji, kikauke. Mwenye dalili zozote asiingie kabisa.

Kuna mambo ya uso ambayo kijitabu cha mkoba kinayapita haraka, na kwetu ndiyo mengi. Ndevu, hata za siku mbili, zinapopita chini ya ukingo wa barakoa, kipimo hakifanywi. Kwa anayefuga ndevu kwa imani yake, mfawidhi azungumze naye mapema na kwa heshima, siyo mbele ya foleni. Kama hawezi kunyoa, apangiwe kazi isiyohitaji N95 au atafutiwe kipumulio cha kofia chenye injini ya hewa pale kilipo. Hijabu isiingie kati ya barakoa na ngozi. Vaa kofia ya ndani inayobana, mikanda ipite juu yake, ushungi au kofia ya gauni vije juu ya mikanda, na apimwe hivyo hivyo. Rasta na misuko mikubwa husukuma mkanda wa juu ushuke, na mkanda wa juu ukishuka hadi kwenye shingo pamoja na wa chini, barakoa hupoteza mvuto wa juu na kufunguka puani. Mkanda wa juu ukae utosini nyuma, wa chini shingoni chini ya masikio na chini ya nywele. Mafuta ya mgando ambayo wengi hupaka ili barakoa isiwachubue hugeuza ukingo kuwa utelezi, kwa hiyo yafutwe.

Mkoba hauna maana bila barakoa za kweli. N95 iliyoidhinishwa ina mikanda miwili ya kichwani, haivutwi masikioni, na juu yake limechapwa neno NIOSH, taasisi ya Marekani inayoziidhinisha, bila kosa la herufi, pamoja na namba ya idhini inayoanza na TC-84A. Kwa modeli ya 1860 ya 3M namba hiyo ni TC-84A-0006. KN95 ni ya kiwango cha China, GB 2626, na nyingi huvutwa masikioni. Zipimwe kama nyingine, lakini mkanda wa sikio hauna nguvu ya kuvuta ukingo kwenye uso, jiandae kuona watu wengi wakishindwa. Modeli ya 8210 ni N95 kamili ya viwandani ila haijatengenezwa kuzuia damu na majimaji yanayoruka, hivyo inahitaji kinga ya uso juu yake. Na unapoagiza 1860, agiza na 1860S, ambayo ni ndogo. Wodi nyingi za karantini zina wauguzi wanawake wengi, na ukileta saizi moja umeamua mapema nani atavuta hewa ya pembeni.

Zihifadhiwe pasipozidi nyuzi joto 30 na unyevu wa asilimia 80. Kontena la bati nyuma ya hospitali linavuka vyote viwili karibu mwaka mzima hapa Dar, na kinachoharibika kwanza ni mikanda: inalegea au kukatika siku ya kuivaa.

Kwa mpango wa kazi, hesabu dakika 20 kwa mtu, watu watatu kwa saa kwa kifuniko kimoja. Watumishi 50 ni siku tatu za kazi, siyo mchana mmoja, na ndiyo maana upimaji ukisubiri mlipuko haufanyiki. Tenga barakoa mbili kwa kila mtu, kwa kuwa watakaoshindwa mara ya kwanza watahitaji nyingine na barakoa haipokezanwi. Unapoulizia Kariakoo au kwenye maduka ya vifaa tiba ya Upanga, taja namba na siyo jina: FT-30 kwa mkoba mzima, FT-31 kwa chupa ya kuonjesha, FT-32 kwa ya kupimia. Angalia tarehe ya mwisho ya matumizi kwenye chupa zenyewe, si kwenye boksi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, kwa hiyo gharama hii ni ya hospitali, mtumishi asichangishwe.

Aliyefaulu bado anajikagua mwenyewe kila anapovaa: abane kibanio cha pua kwa vidole vya mikono yote miwili, afunike barakoa kwa viganja, apulize kwa nguvu. Hewa ikitoka puani, arekebishe kibanio; ikitoka pembeni, mikanda. Kadi yake iandikwe jina, tarehe, namba ya mabonyezo, modeli na saizi aliyofaulu nayo, na jina la mpimaji. Apimwe tena kila mwaka, au mapema zaidi akinenepa au kukonda sana, aking'olewa meno kadhaa, au akipata kovu usoni. Na kama alifaulu kwa 1860, wiki inayofuata stoo ikampa modeli nyingine, kadi hiyo haimhusu tena: anarudi chini ya kifuniko na kuanza na kuonja.